Saa Moja Nyuma

Chupa ya kahawa tuliisahau juu ya paa la gari.
Mimi niliiweka, wewe ukawasha moto,
na nje ya Mérida, kwenye mzunguko wenye mizeituni mitatu,
tukasikia kitu kikibingirika
kama mtu anayeshuka ngazi kwa hasira.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kahawa je?
Hukusimama. Ulitazama kioo, ukakanyaga mafuta.
Ilikuwa saa saba kasorobo, Julai,
kiyoyozi kimekufa tangu Pasaka,
dirisha la upande wangu linashuka nusu tu,
na korongo juu ya mnara wa kanisa
wamesimama mguu mmoja mmoja
kama mashahidi wasiotaka kuandikisha maelezo.

Kutoka chupa tukafika kwa mama yako,
kutoka kwa mama yako hadi nyumba ya Cáceres
uliyoiweka rehani bila kuniambia,
na kutoka nyumba hadi neno lile
ulilolisema kwa Kihispania
nami nikalijibu kwa Kireno,
kila mmoja akikimbilia kwao kuokota jiwe.

Kisha kimya.
Badajoz ikapita na mabango yake ya matairi.

Mto Caia ni mwembamba, Fermín,
mtu akikohoa amekwisha kuuvuka.
Vibanda vya forodha vimepigiliwa mbao,
paka wa rangi ya kutu amelala
pale babangu alipofunguliwa sanduku
akaulizwa mkate ule anampelekea nani.
Sisi hakuna aliyetuuliza tumebeba nini.
Afadhali.

Ndipo simu yangu ikajirudisha yenyewe:
saa sita na nusu.
Saa ya gari, kaidi kama mwenyewe, ikabaki saba na nusu.
Nikafungua kinywa, mara ya kwanza tangu Mérida:
"Kwa huku, chupa bado haijaanguka.
Imebaki robo saa."

Hukucheka. Lakini ulipunguza mwendo,
kama dereva aliyeona kibao cha watoto wa shule.

Elvas, chini ya matao ya mfereji wa kale,
Dona Deolinda alituletea mkate uliolowa
kwenye mchuzi wa kitunguu saumu na kotimiri,
yai moja juu yake likitetemeka.
Saa saba kasorobo ilitukuta hapo, ya pili siku hiyo.
Najua uliisubiri; macho yako yalikuwa ukutani.
Mshale ukapita.
Hakikuanguka kitu, ila uma wa mtu jikoni.

Akapiga hesabu kwa kalamu juu ya karatasi ya meza,
akakosea, tukapata nafuu,
nawe ukamrudishia senti themanini zake.
Mtu yule yule wa rehani.
Nilikutazama hadi ukaniuliza kama una mchuzi kidevuni.
Ulikuwa nao.

Baada ya Estremoz, mialoni ya vizibo,
imevuliwa gome hadi mabegani,
mwili mwekundu, na namba nyeupe ya rangi kifuani.
"Namba hizo za nini?"
Mwaka wa ishirini na saba huu unaniuliza.
Mwaka ulipovuliwa, Fermín. Gome hurudi baada ya miaka tisa.
Baba alikuwa mvunaji, na shoka lake lilijua kukoma.
"Ukigusa nyama," alikuwa akisema, "mti utakukumbuka."
Hakusema mti hukumbuka kwa muda gani.
Sikumuuliza; nilikuwa na miaka kumi
na nilitaka tu kubeba kibuyu chake.

Jumapili tutarudi, na mto utadai saa yake.
Rehani tutaizungumza. Nimesema tutaizungumza,
sikusema leo, sikusema nimesamehe.
Egesha hapo kwanza, penye kivuli.
Nataka kuusoma mti ule uliopinda:
rangi imefifia, na kutoka huku
siwezi kujua ni sita
au ni tisa.